Barua za Darwin: msiba na sayansi katika ukurasa mmoja

Tarehe 29 Juni 1858 Charles Darwin alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, barua mbili. Siku moja kabla, mwanawe mdogo, Charles Waring, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa amefariki kwa homa ya vipele vyekundu. Humo humo mna msiba na mna suala la makala ya mwanasayansi mwenzake, Alfred Russel Wallace, iliyofika kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki ikiwa na wazo ambalo Darwin alikuwa amelifanyia kazi kwa miaka 20: uteuzi wa asili, yaani kwamba viumbe vinavyoyafaa mazingira yao huishi na kuzaa zaidi, na hivyo aina zao hubadilika polepole. Ukifuta habari za nyumbani ukabakisha sayansi, hutaelewa kwa nini mtu aliyekaribia kupokonywa kazi ya maisha yake aliwaachia wenzake waamue.

Wenzake hao, Hooker na mwanajiolojia Charles Lyell, waliwasilisha mambo mawili kwa pamoja mbele ya Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe, London, tarehe 1 Julai. La kwanza ni makala ya Wallace. La pili ni maandishi ya Darwin, ikiwemo sehemu ya barua aliyomwandikia rafiki yake Asa Gray huko Marekani mwaka 1857. Barua ya kirafiki ikageuka ushahidi wa nani alitangulia. Wallace hakuombwa ruhusa. Baadaye aliridhia, tena kwa moyo mkunjufu, lakini kuridhia baada ya jambo kwisha si sawa na kuulizwa.

Wanaopinga kuanikwa kwa barua za faragha wana hoja nzito, na mimi huniuma zaidi nikifika kwa Emma, mke wa Darwin. Mapema katika ndoa yao alimwandikia mumewe kwamba anaogopa tofauti zao za imani zitawatenganisha milele. Darwin akaongeza kwa mkono wake kwamba, akisha kufa, mkewe ajue ameibusu barua ile na kuililia mara nyingi. Maneno hayo yalikuwa na msomaji mmoja tu. Leo tunayasoma sote, na hakuna aliyemwomba Emma idhini.

Hata hivyo nasimama upande wa kuchapisha, mradi wahusika wawe wameshaondoka duniani. Bila barua hiyo tungemwona Darwin kama mtu aliyeiacha dini bila kugharimika chochote, na huko ni kumsingizia. Ila tusome kwa tahadhari: barua ambayo Wallace aliiambatanisha na makala yake imepotea, hivyo kisa cha 1858 tunakisikia zaidi kwa kinywa cha Darwin.

Mradi wa Cambridge ulioanza mwaka 1974 umekusanya zaidi ya barua 15,000 alizoandika na alizoandikiwa, na katika vitabu vyake umezipanga kwa tarehe. Sioni mpangilio wa haki kuliko huo. Ndani yake imo barua ya Septemba 1863, ambayo Hooker aliiandika saa moja tu baada ya kufiwa na binti yake wa miaka 6. Alimwambia Darwin, ambaye naye alikuwa amemzika binti yake Annie mwaka 1851, kwamba katika huzuni ile anamkumbuka yeye kuliko rafiki mwingine yeyote.