Tupunguzieni mawaziri, tuachieni wa mikopo

Kampeni za chuo zikianza, mgombea urais wa serikali ya wanafunzi hakosi kuahidi kupandisha boom, yaani posho ya kujikimu. Kwa mamlaka gani? Posho hiyo hupangwa na Serikali na kulipwa kupitia Bodi ya Mikopo. Ilipotoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022, huo ulikuwa uamuzi wa Serikali ya nchi. Mgombea analijua hilo, na sisi tunalijua, ila tunashangilia tu kwa kuwa muziki uko juu.

Mimi nadhani serikali zetu za wanafunzi zimevimba mno. Waziri wa mambo ya nje wa chuo anashughulika na nchi gani? Ukiniuliza nani alinifaa nilipokuwa mwaka wa kwanza, nitakutajia wawili: waziri wa mikopo na CR wetu, mwakilishi wa darasa.

Siku ya kusaini boom, waziri yule alikaa nje ya ofisi na kauntabuku lake. Jina lako halipo? Anaandika namba ya usajili, namba ya mtihani ya kidato cha nne, na tatizo lenyewe: akaunti ya benki imekosewa, au matokeo hayajafika Bodi. Jioni anaingia kwa afisa mikopo na orodha nzima, badala ya watu mia kugonga mlango mmoja. CR naye alimfuata mhadhiri mpaka alama zetu za kozi zikaingizwa, la sivyo nusu ya darasa tungehesabiwa tuna sapu, mtihani wa marudio. Hakuna aliyempigia makofi.

Najua jibu la wenzangu: nataka serikali ya makarani, isiyoweza kugoma wala kudai. Sivyo. Mwaka 1971 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, rais wa DUSO, jumuiya ya wanafunzi wa chuo hicho, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa baada ya kuukosoa uongozi wa chuo, na wanafunzi wakasimama naye. Machi 1978 wakaandamana kupinga marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mamia walitimuliwa, DUSO ikapigwa marufuku, na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, jumuiya ya wanafunzi iliyokuwa chini ya kivuli cha chama tawala. Nguvu ya vijana wale haikutokana na wingi wa wizara. Walikuwa na jambo moja, na waliokuwa nyuma yao walilielewa.

Kinachotubana zaidi leo ni mfuko. Katika vyuo vingi, mchango wa serikali ya wanafunzi hukusanywa pamoja na ada, hukaa kwenye akaunti ya chuo, na hautoki bila saini ya mshauri wa wanafunzi. Sasa waziri mkuu wako atakwendaje asubuhi kwa mshauri huyo kulalamikia maji ya hosteli, halafu mchana arudi ofisi ile ile kuomba fedha za bonanza? Atachagua bonanza. Na usimlaumu sana, maana bonanza ndilo tutakalomkumbuka nalo.

Kuuondoa mkono wa utawala kwenye mfuko huo kutachukua muda, lakini kuna jambo bunge la wanafunzi linaweza kulipitisha muhula huu bila kumwomba mtu ruhusa: mapato na matumizi, hadi posho za vikao, yabandikwe ubao ule ule wa majina ya boom. Pale hakuna asiyesoma.