Nanomita 20 kwa kipimo gani?

Kuna makala nimeisoma ya chembe ndogo sana za fedha, yale madini sio pesa, mwandishi katuambia "zina ukubwa wa nanomita 20" (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) akaishia hapo, sasa mbona hajasema zimepimwa na nini, maana hapo ndo penye kazi yenyewe. Sampuli hiyohiyo ukiimulika leza ikiwa kwenye maji inaweza kukupa 60, ukiiweka kwenye hadubini ya elektroni unaona 20, na hamna mashine iliyodanganya. Ile ya leza inapima chembe pamoja na koti lake la molekuli na maji linayotembea nayo, halafu mwanga unaotawanywa unapanda kwa kipenyo kwa kipeo cha 6, yaani chembe moja ya nanomita 100 inang'aa karibu sawa na milioni moja za nanomita 10, kwa hiyo vibonge vichache vilivyogandana vinaharibu namba yote. Nishawahi kugombana na grafu siku nzima kumbe ni vumbi tu kwenye kikopo cha sampuli 😅

Kipimo cha eksirei nacho, ile fomula ya Scherrer ya 1918 inayokadiria ukubwa kwa upana wa kilele cha grafu, inatoa ukubwa wa fuwele sio wa chembe, na chembe moja inaweza kuwa na fuwele kadhaa ndani, watu wanachanganya kila siku. Na kwenye polima (plastiki na jamaa zake) iliyochanganywa na udongo, kilele kikipotea kwenye grafu ya eksirei wanashangilia eti matabaka ya udongo yameachana vizuri, wakati labda udongo wenyewe ni kidogo au umekaa shaghalabaghala. Kata kipande chembamba chini ya nanomita 100 ukiangalie kwa hadubini, tena sehemu kadhaa jamani, sio ile picha moja nzuri uliyoichagua.