Wape Wanyama Nusu ya Siku

Watu wakiniuliza ushauri kabla ya kwenda Disney's Animal Kingdom, bustani ya michezo na wanyama hai kule Florida, wengi huja na ratiba tayari: mchezo wa kupanda wa Flight of Passage kwanza, halafu treni ya kasi ya Expedition Everest, halafu chakula, halafu onyesho la jukwaani. Na wanyama je? "Tutawaona tukipita." Hapo ndipo ninapobisha. Mnyama haonekani kwa kupita. Ukipita utaona mkia, au kichaka kinachotikisika, basi.

Sisi wenyewe mara ya kwanza tulikosea vivyo hivyo. Tulifika kwa gorila saa saba mchana, jua la utosini, tukiwa na robo saa tu kabla ya zamu yetu kwenye mchezo mwingine. Gorila walikuwa wamejilaza. Binti yangu aliona bega moja jeusi nyuma ya jiwe, akaniuliza kama ni mnyama au ni kivuli. Nikamshika mkono nikamwambia twende, tutachelewa. Hadi leo najuta kwamba sikumwacha asimame pale.

Gorila hula asubuhi, hupumzika katikati ya mchana, kisha huanza tena kula alasiri. Simba anaweza kulala hadi saa 20 kwa siku. Kiingilio chako, hata kiwe kikubwa namna gani, hakimwamshi. Kwa hiyo anayepanga siku yake aanze na saa za wanyama, michezo ifuate nyuma. Treni ya Everest inakwenda vilevile asubuhi na mchana; chui milia hayuko hivyo.

Chukua Kilimanjaro Safaris, lile lori linalozunguka eneo la ekari zipatazo 110. Mzunguko mmoja ni kama dakika 18 hadi 20, na dereva hawezi kukaa mahali pamoja apendavyo kwa sababu kuna lori jingine nyuma yake. Twiga akiamua kusimama barabarani, mna bahati, mtasubiri naye. Vinginevyo picha yako ni moja na ya haraka. Ndiyo maana nasema panda mara mbili: mara tu mageti yanapofunguliwa, na tena alasiri joto likipungua. Anayeona ni kupoteza muda kurudia "kitu kilekile" hajakaa na wanyama. Asubuhi tuliyopanda mapema simba dume alikuwa amesimama juu ya mwamba, kichwa juu. Alasiri palikuwa na makucha mawili tu yaliyochungulia ukingoni. Miezi ya joto kule Florida, hata hivyo, angalia mbingu, maana mvua za radi hupenda kushuka baada ya mchana.

Lakini utajiri wenyewe uko kwenye njia za miguu, na hizo ndizo watu huziruka. Kuna Maharajah Jungle Trek yenye chui milia na popo wakubwa, na kuna Gorilla Falls, ambayo zamani iliitwa Pangani. (Sisi wa Kiswahili tunapoingia Harambe, kijiji cha kubuni cha Kiafrika humo bustanini, na kusoma vibao, moyo hucheka kidogo, Florida ile!) Mimi kila njia naitengea saa nzima. Wanaotembea haraka huimaliza kwa dakika 15 wakidhani wameiona.

Chukulia kiboko. Pale Gorilla Falls kuna kioo cha kumtazamia chini ya maji. Kiboko huweza kubana pumzi dakika tano hivi, kwa hiyo anayesimama dakika moja huona jiwe la kijivu chini ya maji ya kijani na kuondoka. Akingoja, jiwe hilo litajisukuma kwa miguu, lipande taratibu, masikio yatikisike juu ya maji, kisha litashuka tena kama mtu anayetembea ndotoni. Wahudumu huwa karibu pia. Waulize. Wanawajua wanyama mmoja mmoja, nani mkorofi, nani mama wa nani, na mazungumzo ya dakika kumi nao yana faida kuliko bango lote la maelezo.

Jambo moja la kukumbuka: njia za wanyama mara nyingi hufungwa kabla ya bustani yenyewe kufungwa. Ukiziweka mwisho wa siku, utakuta kamba.

Mara ya pili tuliingia kwa gorila saa mbili na nusu asubuhi, hatukuwa na miadi popote. Dume mwenye mgongo wa rangi ya fedha alikuwa amekaa akichambua tawi, anavua majani kwa midomo, anatupa kijiti, anachukua kingine. Kando yake mtoto wa gorila alijaribu kufanya vilevile akashindwa, akabaki na kijiti chenye majani yote. Binti yangu aliketi chini, kidevu magotini. Tulikaa dakika 40, na hakuniuliza hata mara moja tunakwenda wapi baadaye.