Bububu haikusubiri garimoshi

Wengi Unguja watakwambia jina la kijiji cha Bububu ni mlio wa garimoshi. Reli ya kutoka mjini kwenda huko ilijengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kisa kitamu, ila tarehe zinakikataa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliondoka Unguja 1866, na katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani 1886 anaitaja nyumba aliyokaa Bububu, kwa jina hilohilo. Wanaosema ni mlio wa chemchem angalau hawagongani na kalenda.

Basi kila hadithi ya jina iulizwe kwanza: jina lilikuwapo lini, na kinachosimuliwa kilitokea lini? Ikishindwa hapo, isifutwe. Iandikwe kando kama hadithi, maana reli yenyewe iling'olewa zamani na kisa hiki ndicho kinachowakumbusha watu kwamba ilikuwapo.

Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja, ina mtego mwingine. Husimuliwa kwamba mfalme Kizi alimkata mkono fundi wake Mkazi, asije akajenga msikiti mwingine kama ule aliomjengea. Kwenye kibla ya msikiti huo, ulioko Kizimkazi Dimbani, kuna maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yanayomtaja aliyeamuru ujenzi, naye si Kizi. Kisa cha fundi kukatwa mkono kinasimuliwa hata Taj Mahal. Jina likipasuliwa vipande viwili, kila kipande kikapewa mtu wake, mimi hushuku papo hapo.

Nayaamini zaidi majina makavu. Darajani leo huoni daraja, lakini lilikuwapo, likivuka mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa. Ondoa "-ni" ya mwisho, kisha kitafute kitu chenyewe: mti, kisima, daraja.

Kwa shehia, eneo dogo la utawala chini ya sheha, inayotaka kukusanya majina yake, kosa kubwa ni kuanza na swali "maana yake nini?" Aliyeulizwa hivyo atatunga, kwa adabu tu, asimwache mgeni mikono mitupu. Uliza mpaka unaanzia wapi, nani walilima hapo, paliitwaje kabla. Waulize wavuvi madiko, yaani wanakoegesha vyombo, na miamba, wenye makonde uliza mapango na visima, na wanawake wanaoshuka pwani maji yakitoka. Waulize mmoja mmoja, maana ukiwakusanya barazani, mkubwa akishasema wengine wataitikia "ndivyo". Rekodi sauti, kwa sababu karani aliyezoea Kiswahili cha shule husahihisha Kimakunduchi, lahaja ya kusini mwa Unguja, bila kujijua, na jina likishasahihishwa chanzo chake hakionekani tena. Andika pia jina la msimulizi, akiridhia, na alikolipata.

Anzeni na madiko na visima. Jina la kijiji liko kwenye ramani na halikimbii. Kisima kikifukiwa ipande hoteli, jina lake hubaki kwa wazee wachache tu.