Kufika kwa Kiingereza Kuna Masharti

Jamani, sisi tunapanda. Basi tunapanda, pikipiki tunapanda, ndege tunapanda, punda tunapanda, mlima tunapanda, na bei inapanda yenyewe bila kuombwa. Mwisho wa yote tunashuka. Kuna tatizo gani?

Kiingereza hakitaki. Basi, treni, meli, ndege na bodaboda ni "get on". Teksi na gari dogo ni "get in". Ukiwauliza kwa nini, kanuni wanayo: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokikalia mgongoni, ni "on", kile unachoingia umejikunja ukakaa hapo hapo ni "in". Kushuka nako kumegawanywa: "get off the bus", lakini "get out of the car". Bajaji basi ni "in". Na daladala ile unayosimama shingo imelala begani kwa jirani? "On", kwa sababu ni basi, hata kama shingo yako ina maoni tofauti.

Haya, umefika. Usifurahi bado. "Arrive" haielewani kabisa na "to". Mji au nchi ni "arrive in Dodoma". Kituo, hoteli au ofisi ni "arrive at the station". "Get" ndiyo inayoitaka hiyo "to": "get to Dodoma". "Reach" haitaki yeyote kati yao, inataka mahali penyewe: "reach Dodoma". Ndiyo maana ukimwandikia Mwingereza "I have reached" ukanyamaza, anabaki anasubiri umalizie: umefika wapi? Mwandikie "I've arrived", au "I'm here", alale. Kisha inakuja "home" na kufukuza vijineno vyote: "go home", "get home", "arrive home". Hapo ni kielezi, imeshajibeba kama "nyumbani" yetu yenye -ni yake.

"Enter" na "approach" nazo hazitaki msindikizaji. Ni "enter the room". Hiyo "enter into" wamewawekea watu wa mikataba. Lakini linaloudhi hasa ni "leave". "Leave Tanga" unaondoka Tanga. "Leave for Tanga" unaelekea Tanga. Herufi 3 tu, na basi zima limegeuzwa! (Sawa, nasi tunao wa kukimbia polisi na wa kukimbilia polisi. Tuendelee.)

Ofisini ndiko hatari zaidi. Bosi kasafiri, mgeni kaja, karani anamwambia "The boss has been to Dodoma". Mgeni anavuta kiti anakaa, kwa sababu "has been" ni wa kwenda na kurudi. Aliye bado huko, au bado njiani, ni "has gone". Mgeni atakaa mpaka saa kumi na moja jioni, na chai mtampa.

Halafu ule mtindo wa kuinuka, kumpa mtu mgongo na kumwambia "I'm coming". "Come" ni kuelekea kwa anayesema au anayesikiliza, sasa wewe unaelekea mlangoni! Hapo ni "I'll be right back". Ila kwenye simu, kama anayekusubiri ndiye unayeongea naye, "I'm coming" ni sahihi kabisa, na ukisema "I'm going" atajua umeamua kwenda kwingine. Na "return back" iacheni, kurudi kumo humo ndani ya "return".

Umbali nao una mikogo. "It is 5 kilometres far" hapana. Sema "5 kilometres away". "Far" peke yake wameizoea kwenye swali na kukanusha: "Is it far?", "It isn't far". Ikiwa ni mbali kweli, wanasema "It's a long way". Yaani neno lenyewe la mbali, penye umbali wenyewe, linakaa pembeni.

Angalau "I'm on my way" haina kosa lolote la kisarufi, hata ukiisema ungali bafuni na povu usoni.