Farasi wa Christina

Mwaka 1653 hivi, mchoraji wa Kifaransa Sébastien Bourdon alimchora Malkia Christina wa Uswidi akiwa juu ya farasi. Turubai lenyewe linakaribia mita nne kwenda juu. Lilipelekwa Madrid kuwa zawadi kwa Mfalme Felipe IV wa Hispania, na leo limo katika jumba la makumbusho la Prado.

Wapo wanaoiona picha hii kuwa pambo tupu, na hoja zao si za kubezwa. Christina hakuvaa deraya, hana upanga wala taji. Amekaa upande, miguu yote ubavu mmoja, kama bibi aliyetoka kwenda kuwinda. Nyuma yake yupo kijana aliyebeba kozi, na mbwa wa mawindo hawakosekani. Isitoshe, Juni 1654 malkia huyu alijiuzulu, na mwaka uliofuata akatangaza hadharani, mjini Innsbruck, kwamba amekuwa Mkatoliki. Kwa hiyo, wanasema, hii ni barua ya kubembeleza: mtu anayeacha nchi ya Kilutheri anajitafutia mlezi kwa mfalme mkubwa wa Kikatoliki. Hilo la barua nalikubali. Ila wanaosema hivyo wamemtazama mpanda farasi wakamsahau farasi.

Farasi wa Christina amesimama kwa miguu ya nyuma. Kwa macho ya sasa ni mbwembwe za mchoraji. Kwa Felipe IV, aliyeipokea picha, lilikuwa jambo la kusomwa kama maandishi, kwa sababu nyumbani kwake utaratibu ulikuwa umeshawekwa. Katika Ukumbi wa Falme wa kasri la Buen Retiro, kiasi cha miaka ya 1634 na 1635, Velázquez, mchoraji wa mfalme, na wasaidizi wake walitundika picha tano za watu wa ukoo wa kifalme juu ya farasi. Felipe III, baba wa Felipe IV, farasi wake ameinua miguu ya mbele. Felipe IV, vilevile, na kifimbo cha ujemadari mkononi. Malkia Margarita, mke wa Felipe III, na Malkia Isabel, mke wa Felipe IV? Farasi wao wanatembea, taratibu, kama wanaopita mbele ya wageni.

Ya tano ndiyo isiyoniondoka. Ni ya mwanamfalme Baltasar Carlos, mtoto wa miaka mitano tu, aliyewekwa juu ya mlango katikati ya picha za wazazi wake. Farasi wake anaruka! Na kifimbo cha ujemadari anacho, mtoto ambaye bila shaka alikuwa bado anasaidiwa kupanda tandiko. Mama yake, mtu mzima, binti wa mfalme wa Ufaransa, anatembezwa. Maana yake haikuwa ustadi wa kupanda farasi. Farasi anayeinuka alikuwa alama ya anayetawala au atakayetawala. Anayetembea ni wa mke wa mtawala. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa sana hapa, maana kwetu pia anayeingia madarakani huambiwa ameshika hatamu.

Sasa lete picha ya Bourdon mbele ya macho yaliyozoea ukumbi ule. Malkia asiye mke wa mtu, aliyerithi kiti mwaka 1632 baba yake alipouawa vitani Lützen, juu ya farasi aliyeinuka. Naam, amekaa upande. Lakini kumtuliza mnyama wa namna hiyo ukiwa umekaa upande ni kazi ngumu zaidi, na yeye ametugeuzia uso mtulivu kana kwamba hakuna linalotokea. Kukosa upanga hakumpunguzii kitu. Mumewe Isabel alihitaji deraya na kifimbo ili kusema jambo hilohilo.

Kuna pingamizi moja linalonisumbua. Alama si utawala. Christina aligawa mno ardhi ya taji kwa mabwana wake, akaacha hazina taabani, kisha akaondoka. Na Isabel, yule wa farasi anayetembea, ndiye aliyekaimu ufalme wa Hispania kuanzia 1642, Felipe alipokwenda upande wa Aragón kwa ajili ya vita vya Catalunya. Alifariki mwaka 1644. Picha yake nayo imo Prado, na farasi wake angali anatembea.