Acheni kupaka rangi kromu za magari ya zamani

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda magari ya zamani mtu alirusha picha ya Mercedes W123. Bodi safi, hakuna kutu hata chini ya milango, viti ni vile vile vilivyotoka kiwandani. Lakini bampa zote mbili, shoo ya mbele, vitasa na urembo wote wa pembeni vimepulizwa rangi nyeusi isiyong'aa. Wenzangu wakamiminika: "Kali sana!" "Imekaa kisasa!" "Fundi nani huyo?" Nikaandika kwamba gari limeharibiwa, nikaambiwa nina wivu. Sina wivu. Nimeumia, na nataka kueleza kwa nini.

Sizungumzii plastiki zinazong'aa kwenye magari ya siku hizi. Hizo fanyeni mtakavyo. Nazungumzia kromu ya kweli, chuma kilichozamishwa kwenye mapipa kwa umeme, tabaka juu ya tabaka. Hizo W123 zilitengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 80, karibu milioni 2.7, ndiyo maana wengi wanadhani haziishi. Gari lenyewe pengine haliishi. Bampa lenye kromu yake ya kiwandani, halijapindwa wala kuguswa na msasa, hilo tafuta hapa mjini uone utalipata wapi.

Watu wengi hawajui kilichopo pale juu. Ule mng'ao wenye ubluu kwa mbali ndiyo kromu yenyewe, na ni utando mwembamba mno, mara nyingi haufiki hata mikroni 1. Unywele wa kichwani una kama mikroni 70. Kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake, ambayo ni nene zaidi, na mara nyingi chini ya nikeli kuna shaba. Kromu kazi yake ni kuilinda nikeli isichubuke na isifubae. Ni kazi ya tabaka tatu zinazotegemeana, na imedumu miaka 40 kwenye mvua zetu na joto letu.

Sasa njoo na kopo la rangi. Rangi haishiki kwenye kromu. Kromu ni ngumu na inateleza, haina mahali pa rangi kung'ang'ania. Fundi mvivu anafuta vumbi na kitambaa, anapuliza, unaondoka unafurahi. Kokoto ya kwanza ya barabarani inabandua nukta. Ukipita kuosha gari, ile mashine ya presha inaondoka na kipande kizima. Maji yanaingia chini ya rangi na kukaa humo, na kutu iliyokuwa vidoa viwili vitatu inatambaa bila wewe kuiona. Kabla ya rangi ungeiona na kuifuta siku hiyo hiyo.

Fundi mwenye bidii ndiye anayeniogopesha zaidi, kwa sababu huyo anajua rangi haitashika, kwa hiyo anawasha grinda. Niliwahi kusimama kwenye gereji moja Ilala nikitazama kazi hiyo. Bampa limelazwa juu ya matairi mawili, kijana amechuchumaa, diski ya msasa inazunguka. Mara ya kwanza ilipopita, mng'ao ukafa. Ilipopita tena ikaonekana nikeli, yenye umanjano kidogo. Halafu ukatokea mstari mwekundu wa shaba, mwembamba, nao ukaisha hapo hapo. Kikabaki chuma tupu cha kijivu. Yule kijana hakuwa na barakoa wala miwani, unga ule umemjaa kwenye kope na midomo. Vumbi la nikeli linaumiza mapafu na ngozi, na hakuna aliyemwambia. Mwenye gari alikuwa amekaa kivulini anakunywa soda, anasubiri gari lake liwe la kisasa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kile chuma kimevuliwa kila kinga kiliyokuwa nayo, kikapewa praima na rangi ya dukani, kisha kinapelekwa Kigamboni kulala upande wa bahari. Na hakuna kurudi nyuma. Rangi ya bodi ukiikosea unakwangua, unapiga puti, unapiga tena, mafundi rangi wako kila mtaa. Kromu ikishasagwa, kuirudisha kunataka mapipa ya shaba, nikeli na kromu, umeme unaodhibitiwa, na kabla ya yote hayo mtu mwenye mkono wa kusugua chuma mpaka ujione usoni, kwa sababu kila mkwaruzo ulioachwa chini utaonekana juu. Wenye magari ninaowafahamu wanasafirisha bampa nje ya nchi kwa kazi hiyo. Kijana wa grinda ametumia asubuhi moja kuondoa kitu ambacho hapa nyumbani ni shida hata kumpata wa kukirudisha.

Nimejibiwa pia kwamba kromu ni sumu, kwamba hata Ulaya wanaibana na California imeamua kuondoa mapipa ya kromu ya urembo kuanzia 2027. Ni kweli, na wana haki. Lakini kinachobanwa ni kemikali ya kuzamishia, kromu heksavalenti, ambayo inaleta saratani kwa wanaoivuta kazini. Kromu iliyokwisha kuwa metali ngumu juu ya bampa lako haimdhuru mtu. Unapoiondoa kwa umeme ndani ya kostiki soda, kama video za mitandaoni zinavyofundisha, yale maji yakageuka manjano, umeirudisha kwenye hali ile ile ya sumu. Na gereji ikimaliza itayamwaga wapi? Mtaroni, na mitaro ya mjini inaishia mto Msimbazi.

Tindikali ya kusafishia vyoo nayo naomba muiache. Vitasa na urembo mwingi wa magari hayo si chuma cha kawaida, ni zinki ya kumiminwa, na tindikali inakula zinki huku inatoa mapovu mpaka kitasa kinabaki na mashimo. Beba sumaku. Isiponasa, usiguse. Vipande vingine ni chuma cha pua kisichoshika kutu na havikuwahi kuwa na kromu kabisa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna bampa ambazo kromu imeshajimenya yenyewe, vipande vinachana mikono, na mwenye gari hana fedha za kuzisafirisha. Huyo apake rangi, apake vizuri, simlaumu. Na kuna magari yaliyotoka kiwandani na bampa za rangi, kama Volkswagen za daraja la chini. Hayo ni halali yake.

Lakini wengi mnaopaka, kromu zenu ni nzima. Zina uchafu tu. Baba yangu mdogo yuko Tanga, gari lake linaona upepo wa bahari kila siku, na bampa zake bado unaweza kunyolea ndevu. Anachofanya ni hiki: anaosha kwa maji baridi kutoa chumvi, halafu anachukua foili ya jikoni, anaifinyanga, anailowesha, anasugua vidoa vya kutu polepole. Foili ni aluminiamu, ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi. Maji yanageuka kahawia, yanakuwa mazito kama tope, anafuta, na chini yake kromu ipo. Pale kutu ilipotoboa panabaki kitundu kidogo cheusi, ndiyo, ila ni kitundu tu, si bampa zima. Kisha waksi. Stilwaya ya masufuria haruhusu iguse gari lake.

Na kama mkono unawawasha kushika kopo la rangi, kuna mahali pake. Fungueni bolti, geuzeni bampa, tazameni upande wa ndani. Kule nikeli ni haba tangu kiwandani, kwa sababu umeme wa kwenye pipa haufiki vizuri kwenye mbonyeo, na huko ndiko tope na chumvi hukaa. Bampa nyingi huoza kuanzia ndani kuja nje. Kwangueni tope, sugueni kutu kwa brashi ya waya, pigeni praima ya kuzuia kutu, kisha rangi tabaka mbili, nyeusi mkitaka. Acheni ikauke vizuri kabla ya kurudisha bolti, na bolti zenyewe zipakeni grisi.